Blasti ya Mpunga: Mbegu, Dawa au Kalenda?

Kila mpunga unapokaribia kutoa masuke, swali moja hujaa kwenye maduka ya pembejeo ya Mwea, Mbarali na Kilombero: "Dawa kali ya ukungu ni ipi?" Muuzaji anapendekeza hii, jirani anaapia ile, bwana shamba anasema muda wa kupuliza umeshapita, na mtafiti anasema kosa lilianzia kwenye mbegu. Kila mmoja ana kipande chake cha ukweli, ndiyo maana mkulima anayewasikiliza wote huondoka amechanganyikiwa kuliko alivyokuja. Makala hii inapanga hoja hizo moja baada ya nyingine: ugonjwa wenyewe ni upi, kwa nini umekithiri, njia zinazoshindana zina nguvu gani na kasoro gani, na ipi itangulie.

Ukungu upi?

Mkanganyiko huanza na jina. "Ukungu" na "kutu" ni majina ya jumla, na shambani hubebeshwa karibu kila jani lililobadilika rangi. Kimyanga, unaoupa mpunga rangi ya manjano na kuudumaza, huletwa na virusi, na hakuna dawa ya ukungu inayoweza kuugusa. Ugonjwa wa bakteria hukausha jani kuanzia nchani ukishuka kingoni. Upungufu wa zinki hutia majani ya miche michanga baka la rangi ya kutu wiki chache baada ya kupandikiza. Madoa ya kahawia, madogo na ya mviringo, kweli huletwa na fangasi, lakini mara nyingi ni dalili ya udongo uliochoka. Ugonjwa huo hutajwa miongoni mwa sababu za njaa kubwa ya Bengal ya mwaka 1943, ingawa wanahistoria wengi hulaumu zaidi vita, bei na sera za wakoloni.

Blasti, ugonjwa tunaouzungumzia hapa, ina alama zake. Doa lake kwenye jani lina umbo la jicho: limechongoka ncha zote mbili, kati ni kijivu, pembeni kahawia. Ugonjwa huu hauishii kwenye majani. Hushika maungio ya jani na shina, hushika vifundo, na mwisho hushika shingo, yaani pale suke linapoungana na bua. Shingo ikishikwa mapema, chakula hakipandi kwenye punje na suke zima huwa mapepe.

Suke jeupe lisilo na punje huwapotosha wengi, kwa kuwa bungua naye huliacha hivyo hivyo. Namna ya kutofautisha haihitaji maabara. Lishike suke ulivute taratibu. Likichomoka kirahisi na chini yake pameliwa au kuna tundu, huyo ni bungua. Likikataa kutoka na shingoni pana pete nyeusi au ya kahawia iliyosinyaa, hiyo ni blasti. Nusu dakika hiyo inaweza kumwokoa mkulima asinunue dawa ya ugonjwa asio nao.

Usiku mmoja juu ya jani

Blasti huletwa na fangasi ambayo wanasayansi huiita Magnaporthe oryzae. Haikuzuka juzi. Maandishi ya Kichina ya mwaka 1637 yanataja "homa ya mpunga" inayodhaniwa kuwa ndiyo hii. Leo imo karibu kila nchi inayolima mpunga, na makadirio ya kimataifa huweka hasara yake kati ya asilimia 10 na 30 ya mavuno katika maeneo inayoshambulia. Jamaa yake wa karibu ameshahamia kwenye ngano: alionekana Brazili mwaka 1985, Bangladesh mwaka 2016 na Zambia mwaka 2018.

Ili kuelewa kwa nini dawa hufaulu au hushindwa, tuitazame fangasi hii usiku. Kijimbegu chake, yaani spora, hupeperushwa na upepo kikatua kwenye jani lenye umande. Kwanza hujigundisha. Ndani ya saa chache huchipua na kutengeneza kifuko cheusi, kigumu, kinachojaa shinikizo linaloweza kufika takriban mara 80 ya shinikizo la hewa ya kawaida, ambayo ni karibu mara 40 ya lile la tairi la gari. Shinikizo hilo husukuma kijisindano kinachotoboa ngozi ya jani. Rangi nyeusi ya kifuko ina kazi yake: ndiyo inayozuia shinikizo lisivuje. Dawa maarufu ya trisaiklazoli hufanya kazi kwa kuzuia rangi hiyo isitengenezwe. Kifuko hukosa nguvu na jani halitoboki.

Kutokana na hayo tunapata mambo mawili. Kwanza, dawa ya aina hiyo ni ulinzi na haitibu: fangasi ikishaingia ndani, mlango umefungwa mwizi akiwa sebuleni. Pili, kila kitu hutegemea unyevu. Jani likikaa limelowa kwa saa kumi au zaidi, joto likiwa karibu nyuzi 25 hadi 28, maambukizi hupata nafasi nzuri. Baada ya siku nne hadi saba doa huanza kutoa spora zake lenyewe, maelfu kwa maelfu, na mzunguko mpya huanza. Shamba linaloonyesha madoa machache Jumatatu hii linaweza kuonekana limeungua wiki mbili baadaye.

Kwa nini imekithiri kwetu

Sababu ni nne, na zote zinahusu maamuzi ya watu kama zinavyohusu hali ya hewa.

Ya kwanza ni ladha. Mchele unaopendwa zaidi sokoni mara nyingi ndio usio na kinga. Pishori ya Mwea kwa asili ni Basmati 370, mbegu iliyotolewa Punjab mwaka 1933, ikachaguliwa kwa harufu na punje ndefu. Kwa blasti ni dhaifu. Tanzania nayo inazipenda mbegu za kienyeji zenye harufu, zikiwamo Supa na Kyela, ambazo zilipata sifa jikoni kabla ya kupimwa dhidi ya magonjwa. Mnunuzi analipia harufu. Hakuna anayelipia ukinzani.

Ya pili ni kalenda ya mvua. Msimu mkuu wa Mwea hupandwa kuanzia katikati ya mwaka, hivyo masuke mengi hutoka wakati wa mvua za vuli. Kilombero, mpunga wa mvua hufikia hatua hiyo katika unyevu wa Machi na Aprili. Mwea iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake wa baridi huacha umande mzito. Shingo ya suke hutoka kwenye kifuko chake wakati uleule ambao fangasi ingejichagulia.

Ya tatu ni kupishana kwa upandaji. Maji ya skimu hayawatoshi wote kwa siku moja, matrekta ni machache, na vibarua hugombewa. Kwa hiyo jaruba moja huwa na miche, la pili lina mimba na la tatu limeiva. Wakulima wengi pia huacha visiki vichipue wapate mavuno ya pili. Kiuchumi ni jambo la busara, lakini kwa fangasi ni daraja la kuvukia kutoka msimu hadi msimu.

Ya nne ni urea. Naitrojeni ikizidi, majani huwa laini na kuta za chembe zake huwa nyembamba. Mimea husongamana, upepo haupiti na umande haukauki. Kijani kile kinachomfurahisha mwenye shamba humfurahisha adui yake pia.

Msimamo wa kwanza: pulizia dawa

Wanaotetea dawa wana hoja nzito. Mbegu ikishapandwa na wingu likishatanda, hakuna njia nyingine inayofanya kazi ndani ya siku chache. Trisaiklazoli, pamoja na dawa za makundi mengine kama azoksistrobini na tebukonazoli, zikipulizwa kwa kipimo na kwa wakati, huweza kuokoa suke. Kwa mkulima wa pishori, ambaye bei ya mavuno yake ni nzuri, upulizaji wa mara moja au mbili unaweza kurudisha gharama zake.

Udhaifu wake mkubwa ni wakati. Dirisha linalofaa zaidi ni finyu: mwishoni mwa mimba, kabla masuke hayajatoka, na mara nyingine tena yakiwa yametoka. Wengi hupuliza wakishaona masuke meupe. Siku hiyo dawa haina tena cha kuokoa, na mkulima huhitimisha kuwa dawa ni feki. Feki kweli zipo, na kuangalia usajili wa mamlaka husika ni lazima, lakini dawa halisi iliyochelewa hutoa matokeo yaleyale.

Udhaifu wa pili ni usugu. Japani iliingiza kundi jipya la dawa za blasti mwaka 1998, na kufikia mwaka 2001 fangasi iliyozoea dawa hizo ilikuwa imeonekana mashambani. Anayerudia dawa moja kila msimu anaifundisha fangasi namna ya kuikwepa. Kubadilisha majina ya chupa hakusaidii ikiwa kiambato ni kilekile, na kinachopaswa kubadilishwa ni kundi la kiambato.

Udhaifu wa tatu ni mabaki. Katika miaka ya 1950 Japani ilipambana na blasti kwa dawa zenye zebaki, kisha ikalazimika kuziacha kwa sababu ya madhara yake. Karibu zaidi na siku zetu, Umoja wa Ulaya ulishusha kiwango kinachoruhusiwa cha trisaiklazoli katika mchele wa basmati kutoka miligramu 1 kwa kilo hadi 0.01, kuanzia mwisho wa mwaka 2017, na wauzaji wa Bara Hindi wakalazimika kubadilisha desturi zao. Mchele wa Afrika Mashariki huliwa zaidi nyumbani na kwa majirani, na mipaka hiyo ya Ulaya haiugusi moja kwa moja. Hata hivyo mlaji wa Nairobi au Kigali ana tumbo kama la mlaji wa Paris. Kuheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna ni haki yake.

Msimamo wa pili: tumia mbegu kinzani

Kwa mkulima mdogo, mbegu yenye kinga ndiyo njia ya bei nafuu zaidi. Haihitaji bomba mgongoni, haitegemei duka kuwa wazi, na hulinda hata siku ambayo mkulima yuko msibani. Watafiti wanajua jeni nyingi za ukinzani dhidi ya blasti, na vituo kama TARI Ifakara na KALRO Mwea hufanya kazi ya kuzipandikiza katika mbegu za kwetu au kuchagua zilizo na nafuu. SARO 5, mbegu yenye harufu kiasi iliyotokana na utafiti wa Ifakara, ilionyesha kuwa mkulima wa Tanzania hubadili mbegu akiona mavuno.

Tatizo ni kwamba ukinzani unaotegemea jeni moja hauna maisha marefu. Korea Kusini ilieneza mbegu za Tongil katika miaka ya 1970, zikaipatia nchi mavuno ya kujitosheleza. Mwishoni mwa muongo huohuo aina mpya ya fangasi ilivunja kinga yake, na eneo kubwa lililopandwa mbegu za ukoo mmoja likaugua kwa pamoja. Kadiri mbegu moja inavyofaulu na kuenea, ndivyo inavyoipa fangasi sababu ya kuitafutia ufunguo. Ukinzani wa kiasi, unaotokana na jeni kadhaa, haupendezi macho kwa sababu madoa machache hubaki, lakini hudumu.

Kisha kuna soko. Mbegu kinzani isiyo na harufu humpa mkulima magunia mengi na bei ndogo. Kumlaumu kwa kung'ang'ania pishori au Supa ni kumtaka abebe peke yake gharama ya afya ya mimea ya bonde zima.

Yunnan, kusini mwa China, ilionyesha njia ya kati. Mwaka 1998 na 1999 wakulima walipanda mistari ya mpunga wa kunata, unaopendwa lakini dhaifu, katikati ya mpunga chotara wenye kinga. Blasti kwenye mpunga wa kunata ilipungua kwa asilimia 94 ikilinganishwa na shamba la mbegu moja, na mavuno yake yakapanda kwa asilimia 89. Mistari yenye kinga ilizuia spora, na nafasi iliyopatikana iliruhusu majani kukauka. Sharti lake ni kuvuna kwa mkono na kutenganisha mbegu. Panapovunwa kwa mashine njia hiyo ni ngumu. Penye mundu, inafaa kujaribiwa.

Msimamo wa tatu: tunza shamba

Kundi la tatu linasema ugonjwa huu ni matokeo ya kilimo kibaya. Ushauri wake ni kugawa urea mara mbili au tatu badala ya kuimwaga kwa mpigo, kutobana miche, kutoacha jaruba likauke ovyo, kuchagua mbegu safi, kuondoa masalia na kupanda kwa wakati mmoja.

Mengi katika haya hayahitaji fedha nyingi. Kuchagua mbegu kwa maji ya chumvi ni mfano mzuri. Chumvi huongezwa kwenye ndoo ya maji mpaka yai bichi lielee, kisha mbegu humiminwa humo. Nyepesi na zilizougua huelea zikaondolewa, nzito huzama zikasuuzwa kwa maji safi kabla ya kulowekwa. Silika nayo ina kazi. Mpunga huinyonya kutoka ardhini na kuijengea ngozi ya jani, na majivu ya maganda ya mpunga yana silika kwa wingi. Yakirudishwa shambani badala ya kutupwa nyuma ya mashine ya kukoboa, huimarisha jani, ingawa kazi yake ni ya misimu mingi.

Hata hivyo kila ushauri hapa una bei yake, na wahubiri wa kilimo bora huikwepa. Kuchoma mabua huua fangasi iliyojificha humo, lakini hupoteza naitrojeni na kumnyima ng'ombe chakula. Mwea, mabua hufungwa marobota na kuuzwa. Kukausha majaruba kwa zamu huokoa maji, na ndiyo moja ya nguzo za kilimo shadidi cha mpunga, lakini mpunga unaopata kiu hushikwa na blasti kirahisi kuliko uliosimama majini. Kupunguza urea hupunguza ugonjwa, na ikizidi hupunguza mavuno pia. Kupanda pamoja ni kinga bora, lakini kunahitaji ratiba ya maji inayoheshimiwa na matrekta yanayofika kwa wakati, mambo ambayo mkulima mmoja hana mamlaka nayo. Usafi wa jaruba moja hausaidii sana ikiwa jirani wa upande wa upepo hajali.

Pembeni ya msimamo huu wapo wanaotetea dawa za asili: mwarobaini, majivu ya kunyunyiza, na fangasi rafiki kama Trichoderma. Baadhi zimeonyesha matumaini kwenye majaribio. Lakini zikitegemewa peke yake msimu wa mvua nzito, shingo hubaki wazi. Nafasi yake ni kusaidia, hasa kwenye mbegu na kitalu.

Kuziweka kwenye mizani

Misimamo hii mitatu hugombana kwa sababu kila mmoja unazungumzia siku tofauti. Mtetezi wa mbegu anazungumzia miezi kabla ya kupanda. Mtetezi wa shamba anazungumzia siku ya kumwaga urea. Mtetezi wa dawa anazungumzia wiki mbili za masuke. Tukizipanga kwenye kalenda moja, ugomvi mwingi huisha, na hubaki swali la nani aanzie wapi.

Mkulima wa pishori kwenye skimu, ambaye hawezi kuacha harufu bila kuacha kipato, atahitaji dawa. Aipange tangu mwanzo: urea kidogo kidogo, hasa baada ya mimba kuanza, na upulizaji wa kinga mwishoni mwa mimba iwapo kuna mawingu, umande na madoa kwenye majani ya juu. Msimu mkavu ambao majani ni safi, anaweza kuokoa fedha yake.

Mkulima wa mvua anayelima kwa chakula na soko la karibu hana sababu ya kuanzia dukani. Mbegu yenye ukinzani, iliyochaguliwa na kusafishwa, pamoja na kupanda mapema, itamlinda kuliko bomba la kukodi litakalofika limechelewa. Akitaka Supa ya nyumbani, aipande sehemu ya shamba, si yote.

Uongozi wa skimu una silaha ambayo hakuna mkulima anayo peke yake: ratiba ya maji. Kupunguza pengo kati ya jaruba la kwanza na la mwisho kutapunguza ugonjwa kwa wote, hata kwa wasiopuliza. Serikali kwa upande wake zina kazi mbili zisizoonekana kwenye ruzuku ya mbolea: kufuatilia aina za fangasi zilizopo kila bonde, ili mbegu inayotolewa iwe na kinga dhidi ya adui aliyepo, na kugharimia uzalishaji wa mbegu zenye harufu na ukinzani kwa pamoja. Ruzuku ya urea bila mafunzo ya kuigawa inaweza kuwa ruzuku ya blasti.

Kwa muhtasari

Blasti haina dawa moja wala adui mmoja. Mbegu huamua ukubwa wa hatari, mbolea na maji huamua kasi yake, ratiba ya upandaji huamua itatoka wapi, na dawa hulinda shingo kwa siku chache ikiwa imetangulia. Dawa ikibebeshwa kazi ya hayo mengine yote, hushindwa, kisha hulaumiwa. Mbegu ikiachiwa peke yake, huvunjwa. Utunzaji wa shamba usiowashirikisha majirani huishia kwenye tuta la mpaka.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: mbegu kwanza, mbolea kwa kipimo, upandaji wa pamoja kadiri maji yanavyoruhusu, na dawa mwisho, kabla ya masuke kutoka. Na kabla ya kwenda dukani msimu huu, ingia kwenye jaruba, shika suke moja jeupe, livute, na uangalie shingo yake.